Pikipiki ya Babu Uani

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha ushushwe. Msomaji asome polepole.)

Kama uko jikoni endelea na sufuria yako, bora redio isikike. Kama mtoto analia, mnyonyeshe huku ukisikiliza.

Leo tunazungumza juu ya pikipiki. Najua kuna atakayeuliza, pikipiki na kipindi cha afya ni wapi na wapi? Na kila tukitaja pikipiki, mawazo yanakimbilia kwa vijana wa bodaboda pale steji. Leo vijana tunawaacha kando. Tunamzungumzia mzee. Yule babu, guka kwa wengine, kuka kwa wengine, aliyeendesha pikipiki tangu ujana wake. Sasa amestaafu, na ile Honda au Yamaha yake ya zamani ameitoa ilikokuwa imefunikwa gunia, akaisimamisha uani. Kila asubuhi anaifungua, kila jioni anaifunga. Anaipaka rangi. Anaiwekea kioo cha kukinga upepo, masanduku ya pembeni na kiti kipya. Ukimwuliza ni ya nini, anakujibu kwamba Disemba ataipanda mwenyewe hadi nyumbani.

Hapa Kangemi jambo hilo si la kushangaza. Waiyaki Way inapita mlangoni petu, na ukiifuata tu inakupeleka Limuru, Naivasha, Nakuru, na kutoka hapo Kisumu, Kakamega au Bungoma. Wengi wetu kwao ni huko. Wazee wetu nao walijua pikipiki zamani, kabla ya bodaboda kujaa mjini. Ni mwaka 2008 ndipo serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250, na vijana wakazinunua kwa wingi. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa chombo cha kazi. Aliyeipanda alikuwa afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, mwalimu au katekista. Honda CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na sifa yake kubwa ilikuwa kuvumilia barabara mbaya na kutotaka oili ya bei. Mzee aliyepanda pikipiki ya namna hiyo miaka 40 haioni kama chuma. Anaiona kama ujana wake.

Basi nyumbani kunazuka maneno. Mama mwenye nyumba anasema chuma hicho kiuzwe kwa wenye kununua vyuma vikuukuu. Mzee ananyamaza siku mbili, hali vizuri. Sisi upande wa afya hatuanzi kwa kusema iuzwe. Mzee anayeinama, anayeshika spana, anayekumbuka nati gani inaingia wapi, anaufanyisha kazi mwili na akili. Hilo ni jema kuliko kukaa kitini kutwa nzima. Lakini kuna mambo mawili ambayo mlezi hana budi kuyaangalia: watoto wanaocheza pale uani, na mwili wa mzee mwenyewe siku atakapoingia barabarani.

Tuanze na watoto.

Mnajua ploti zetu zilivyo. Vyumba kumi, ua mmoja, mfereji mmoja. Ua huo huo ndio mahali pa kufulia nguo, pa kuanika, pa kupikia, na ndio uwanja wa mpira. Sasa umekuwa gereji. Kitu cha kwanza cha kutafuta kwa macho ni chupa. Fundi akitaka kusafisha kabureta anamimina petroli kwenye chupa ya soda au ya maji, kisha anaiweka chini karibu na ukuta. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua vizuri sana. Anaichukua, anapiga funda moja.

Hapo akina mama wengi hufanya jambo ambalo huongeza hatari. Wanamtapisha. Wanamtia kidole kooni, wanampa maji ya chumvi, wengine maziwa, wengine mafuta ya kupikia. Tafadhali usifanye hivyo. Petroli huleta madhara makubwa zaidi ikiingia mapafuni kuliko ikiwa tumboni, na mtoto anapotapika ndipo inapopata njia ya kuingia kwenye mapafu. Usimpe kitu chochote cha kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa petroli, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Beba ile chupa mwende nayo ili daktari ajue alichokunywa. Kama anakohoa, anapumua kwa haraka, au analala ovyo ovyo, usingoje foleni. Sema mlangoni kabisa kwamba mtoto amekunywa petroli.

Dawa ya kweli iko kwa mzee. Mwambie petroli ikae kwenye mtungi wake maalumu wenye kifuniko cha kuzungusha, juu ya mtoto asipofika, mbali na jiko. Petroli ya kuoshea vyuma isimwagwe kwenye mtaro ambao watoto wanachezea. Na jiko la makaa lisiwe uani siku hiyo ya kabureta. Mvuke wa petroli hutambaa chini kama maji, nao hufika kwenye moto kabla hujauona.

Kitu cha pili ni bomba la moshi. Pikipiki ikishazimwa, bomba lake hubaki la moto kwa muda mrefu, nalo liko kimo cha uso na mikono ya mtoto anayeanza kutembea. Mtoto anashika pikipiki ajisimamishe, anashika bomba. Watu wazima nao huungua mguu, sehemu ya ndani, wanaposhukia upande wenye bomba. Alama hiyo unaiona kwenye miguu ya wasichana wengi hapa mtaani.

Mtoto akiungua, mwweke penye maji ya mfereji yanayotiririka, maji ya kawaida ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Ndiyo, dakika 20 kamili. Ni muda mrefu mtoto akiwa analia, lakini ndiyo tiba ya kwanza. Kama mfereji umekauka, na Kangemi tunajua siku hizo, tumia maji ya mtungi, umimine taratibu kwa kikombe, uyakinge kwenye karai na kuyarudisha. Mvue bangili na nguo zilizo karibu na kidonda, ila kilichogandamana na ngozi usikibandue. Usipake dawa ya meno. Usipake unga, yai wala siagi ya mkate. Vitu hivyo huziba joto ndani na kuleta uchafu, na muuguzi atalazimika kuvikwangua, na huo uchungu ni wa pili. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, umpeleke. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja cha huyo mtoto, au kikiwa usoni, mkononi au kwenye kiungo, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na hapa ndipo ufundi wa mzee unaposaidia. Kama tayari anaongeza vitu kwenye pikipiki yake, cha kwanza kiwe bati la kukinga bomba. Fundi wa kuchomelea wa jua kali analikunja kwa muda mfupi, likafungwa kwa nati na kuachiwa nafasi ya hewa kati yake na bomba. Cha pili kiwe kifuniko kamili cha mnyororo. Pikipiki nyingi za zamani zilikuja na kifuniko hicho kutoka kiwandani, halafu mafundi wakakitoa wakakitupa ili wapate wepesi wa kukaza mnyororo. Kirudishwe. Mnyororo ukizunguka na gurudumu likiwa juu ya stendi, kidole cha mtoto kinakatwa mara moja.

Betri nitaigusia kwa ufupi. Maji ya betri ni asidi. Yakimrukia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi mengi angalau dakika 20 kabla ya safari ya hospitali. Na betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani ili itolewe risasi ya kuuza. Sumu ya risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila dalili ya haraka. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliathiriwa na sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kiwanda kilichofungwa mwaka 2014. Rangi ya zamani ya pikipiki nayo huenda ina risasi. Mzee akiikwangua kwa msasa, aikwangue ikiwa imelowa maji, watoto wakiwa mbali, na vumbi lifagiliwe likiwa bado bichi. Nguo alizovaa zisifuliwe pamoja na nepi.

Jambo la mwisho la uani ni usiku. Kwa kuogopa wezi, watu wengi huingiza pikipiki ndani wanamolala. Siwezi kukukataza hilo, mwizi ni mwizi. Lakini injini isiwashwe ndani hata dakika moja, hata mlango ukiwa wazi, hata kama mzee anataka tu kusikia kama mlio umekaa sawa. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu yake yenyewe. Watu walio ndani huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia wasiamke. Ukiona watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja, watoe wote nje kwanza, mengine baadaye. Petroli ndani ya tangi nayo hutoa mvuke, kwa hiyo jiko na mshumaa visikae chumba kimoja na pikipiki.

(Muziki, sekunde 10.)

Sasa tuje kwa mzee.

Wazee wengi wakitengeneza pikipiki huanza na urembo. Rangi nyekundu, vioo vinavyong'aa, honi ya lori. Kwa afya yake, mpangilio uwe mwingine: kwanza breki na tairi, halafu mwili wake, halafu ndio urembo kama hela imebaki.

Tairi ina siri moja. Pembeni yake kuna tarakimu nne zilizopigwa muhuri. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikisomeka 2311, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Pikipiki iliyokaa chini ya gunia miaka 12 inaweza kuwa na tairi yenye meno mazuri kabisa, lakini mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Tairi ya miaka kumi haifai safari, hata ikionekana mpya. Mjukuu anayejua kusoma anaweza kutumwa akazisome hizo tarakimu. Mzee akibisha, namba haibishi.

Breki za pikipiki za zamani ni za ngoma, na zile pedi za ndani hukauka pia. Zibadilishwe pamoja na nyaya zake. Na fremu isikatwe. Kuna mafundi hodari sana wa kukata fremu na kuirefusha ili kiti kiwe kirefu. Chuma kilichokatwa na kuchomelewa tena kinaweza kuachana katikati ya safari, na hakuna mtu wa kumlaumu wakati huo. Kama mzee anataka kubadilisha rangi au injini, asisahau kwamba usajili wa NTSA nao lazima ubadilishwe, asije akashikwa njiani na logibuku inayosema jingine.

Sasa mwili. Mwambie akae juu ya pikipiki, injini ikiwa imezimwa, nawe umtazame. Nyayo zote mbili zinafika chini? Mtu wa miaka 25 anaweza kuisimamisha pikipiki kwa ncha ya kidole cha mguu. Mzee mwenye goti bovu hawezi. Ajali ya kawaida ya mzee haimpati akiwa mbio. Inampata akiwa amesimama penye mteremko: pikipiki inaegemea upande, mguu hauna nguvu, anaanguka nayo. Akiangukia nyonga, mfupa wa mtu wa miaka 70 huweza kuvunjika, na kuvunjika nyonga uzeeni ni jambo zito sana. Wengine hawarudii tena kutembea walivyotembea. Basi kiti kipunguzwe. Fundi wa viti anatoa sponji kidogo na kukibana kiti upande wa mbele kiwe chembamba, miguu ishuke wima. Kazi hiyo ni ya bei nafuu, nayo ina faida kuliko vioo vyote vinavyong'aa.

Halafu hendeli. Akiishika, viwiko viwe vimepinda kidogo, mgongo uwe wima, asilazimike kunyoosha mikono kama anayesukuma mkokoteni. Hendeli ikiwa mbali, mabega na shingo vitauma baada ya Limuru. Kuna hendeli ndefu zaidi zinazorudi nyuma, na kuna vipande vya kuinulia. Kama anasema vidole vinakufa ganzi, huo ni mtetemo wa injini. Mipira minene ya kushikia husaidia, lakini ganzi isiyokwisha hadi siku inayofuata ipelekwe hospitali.

Kupiga kiki nako kuna yake. Injini ya zamani ikikataa huirudisha kiki kwa nguvu, na goti au kifundo cha mguu ndicho kinachopokea. Mzee mwenye goti linalovimba asipige kiki kila asubuhi. Injini irekebishwe iwake kwa urahisi, au atafute pikipiki inayowashwa kwa kitufe.

Kioo cha kukinga upepo ni kitu kizuri kwa safari ndefu. Kisiwe kioo cha dirisha, kiwe cha plastiki ngumu isiyopasuka vipande vyenye makali. Kimo chake kifike puani pake, aone barabara kwa kupitia juu ya kioo. Akilazimika kutazama ndani ya kioo, mvua ikinyesha usiku hataona kitu. Na yale masanduku ya pembeni yakae chini na karibu na mwili wake. Mizigo ikijazwa juu ya keria ya nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na hendeli huyumba. Gunia la mahindi la kurudi nalo Nairobi lipande matatu.

Vile vyuma vya kukinga miguu, vinavyofungwa pembeni mwa injini, nasema avifunge. Visiwe vipana mno, maana hapa kwetu kwenye msongamano vitakwama kwenye gari la mtu.

Baada ya pikipiki, yeye mwenyewe apelekwe gereji. Nina maana kliniki.

Macho kwanza. Mtu mwenye mtoto wa jicho huona vizuri mchana, lakini usiku taa za gari linalokuja hutawanyika mbele yake kama mwanga kwenye kioo chenye mafuta. Ukimwona mzee anaanza kukwepa kutoka jioni, au anasema taa za siku hizi ni kali mno, huenda ni macho yake. Sisi watu wa Kangemi tuna bahati. Hospitali ya macho ya Lions SightFirst iko hapo Loresho, na kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu hakiko mbali, barabara ni hiyo hiyo. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi huona tena vizuri.

Kisha dawa zake. Leta zote mezani, pamoja na zile alizojinunulia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, hasa siku za kwanza au kipimo kikiongezwa. Zile tembe ndogo za mafua na mzio ambazo kila duka linauza, kama Piriton, huleta usingizi. Mama anampa baba yake tembe mbili usiku wa kuamkia safari kwa nia njema kabisa, na asubuhi mzee yuko Waiyaki Way akisinzia. Mwulize daktari au mfamasia kuhusu kila tembe kabla ya safari.

Kama ana ugonjwa wa sukari na anatumia insulini au tembe za kushusha sukari, hapo tuwe makini zaidi. Sukari ikishuka sana mtu hutoka jasho, hutetemeka, husikia njaa, kisha huchanganyikiwa. Ukiwa kitini nyumbani utasema leo sijisikii vizuri. Ukiwa juu ya pikipiki huna nafasi ya kusema. Asiondoke bila kula. Apime sukari kabla ya kuwasha injini, na abebe sukari au soda ya kawaida mfukoni, si ndani ya sanduku lililofungwa kwa kamba tatu. Akihisi jasho na kutetemeka, asimame kando ya barabara, azime, anywe nusu gilasi ya soda au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, angoje dakika 15, kisha ale chakula. Kama hajatulia asipande tena.

Kuna jambo ambalo wazee hawalisemi mbele ya binti zao. Ni kukojoa. Mzee mwenye shida ya tezi huenda haja ndogo kila mara, kwa hiyo akisafiri hukataa kunywa maji. Matokeo yake ni kuumwa kichwa na kuchoka akiwa njiani. Mpangie vituo badala ya kumnyima maji. Kutoka hapa Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Asimame kila baada ya saa moja au saa moja na nusu, atembee, anyooshe miguu, anywe maji, aende msalani. Alale Nakuru, aendelee kesho yake. Haraka ya nini?

Na asiende tarehe 23 wala 24 Disemba, wakati kila basi linakimbizana na sikukuu. Aende wiki moja mapema, mchana. Limuru na Kinale zina baridi na ukungu wa asubuhi, na mzee hupoteza joto haraka kuliko kijana bila yeye mwenyewe kutambua. Vidole vikiwa vigumu kwa baridi, breki haishikwi kwa wakati. Avae nguo mbili tatu chini ya jaketi, glavu na soksi nzito. Waendesha pikipiki wa zamani walikuwa wakipanga magazeti kifuani chini ya koti, na hilo bado linafanya kazi.

Kofia ya kinga nayo. Mzee atakuonyesha ile aliyoinunua akiwa kazini miaka ya themanini, na atakwambia ni ngumu kuliko za siku hizi. Nje ni ngumu, ndiyo. Kinachookoa kichwa ni lile povu gumu la ndani, nalo limeshakuwa unga. Anunue mpya yenye alama ya ubora ya KEBS, inayobana mashavu kidogo, na aifunge kamba kila mara. Mkusanyiko mmoja wa tafiti kutoka nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa pesa ya kofia moja, sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi hivyo.

Swali moja linabaki, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: mjukuu naye apande nyuma? Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, inataka abiria mmoja tu, na kila aliye juu ya pikipiki avae kofia na jaketi la kumetameta. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pale pa kukanyagia hawezi kujishikilia, na visigino vyake huingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto huzunguka kama sufuria. Asiketishwe mbele juu ya tangi, hata kwa kuzungushwa uani tu, maana mkianguka kifua cha mzee ndicho kinachomponda. Kwa safari ya Disemba mjukuu apande basi na mama yake. Nawe mama, ukipanda nyuma ya mzee kwenda sokoni tu, kaa kama mwanamume anavyokaa, na leso uifunge kiunoni isipepee. Leso ikinaswa na gurudumu inavuta na mtu wake.

Lini basi mlezi aseme hapana? Akianguka na pikipiki mara mbili bila sababu ya wazi. Akipotea njia anayoijua. Akizimia, akipatwa na kifafa, au akipata udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Hapo asiguse pikipiki mpaka daktari aseme. Usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya majirani. Na usifiche ufunguo, maana atatafuta mwingine kwa fundi. Mwombe mwende kliniki pamoja, na umwachie daktari aliseme neno hilo. Wazee wengi humkubalia daktari kile ambacho hawawezi kukubali kutoka kwa mtoto wao. Pikipiki inaweza kubaki uani, ikisafishwa na kuwashwa penye hewa, hata kama haitoki tena getini. Au kijana wa familia mwenye leseni aiendeshe, na mzee afuate kwa matatu akimsubiri Nakuru kumkagua mnyororo.

Wenye mzee mwenye sukari au shinikizo, kadi yake ya kliniki na karatasi yenye majina ya dawa zake zikae kwenye mfuko wa jaketi, pamoja na namba ya simu ya nyumbani. Ajali ikitokea piga 999 au 112. Msimvute, msimkalishe, msimpe maji. Kofia msiivue kwa nguvu, isipokuwa kama hawezi kupumua. Penye damu inayotoka kwa wingi, bana kwa kitambaa safi bila kuachilia mpaka msaada ufike.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto wakati wa mvua, na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari ipasavyo. Andaa kijiko chako na kipimo cha lita moja. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia.)